Krispi ndani ya chapati: Muscat inavyoonjwa kwenye rafu za supamaketi

Ukimuuliza mhudumu wa hoteli mjini Muscat uanzie wapi kutembea, atakutajia Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, soko la Muttrah na zile ngome za Wareno zilizopachikwa juu ya majabali ya bandarini. Vyote vina haki ya kutajwa. Ila ikifika saa mbili usiku, wakazi wa mji huo wengi hawako huko. Wako supamaketi. Wamekuja familia nzima: baba na kanzu nyeupe na kofia ya kufuma, mama na baibui lake, watoto wamening'inia kwenye toroli, na hakuna anayeonyesha dalili ya kuwa na haraka. Kiangazi joto la huko hupita nyuzi 40, na hata jua likizama upepo bado unakuja wa moto. Basi jengo lenye kiyoyozi ndilo baraza. Humo watu wananunua mchele, wanakutana na mashemeji, na wanagombana na watoto juu ya peremende.

Mimi humshauri msafiri aanzie humo, na aende moja kwa moja kwenye rafu za vitafunwa. Mgahawa wa watalii umeshajua unakuja. Umekupikia unachodhani utakipenda na umepunguza pilipili kwa kukuhurumia. Rafu ya vitafunwa haikujui wala haikuhurumii. Imepangwa kwa ajili ya mtoto anayetoka shule na sarafu mkononi, kwa ajili ya dereva wa usiku, kwa ajili ya kina mama wanaotarajia wageni Ijumaa. Tena kujaribu hakumfilisi mtu. Rial moja ya Oman hugawanywa kuwa baisa 1,000, na ingawa rial yenyewe ni nzito, zaidi ya Sh6,000 za Tanzania au Sh300 za Kenya, pakiti nyingi za kutafuna zinalipwa kwa baisa tu.

Lakini kununua ni nusu ya kazi. Msafiri anayenunua pakiti, akaifungua chumbani hotelini, akaonja vipande vitatu na kutoa hukumu, hajaonja kitu. Vitafunwa vya dukani karibu kila nchi vina namna yake ya kuliwa, na namna hiyo haiandikwi kwenye pakiti kwa sababu kila mwenyeji anaijua tangu utotoni.

Mfano ulio bora kuliko yote ni Chips Oman. Hizi ni krispi za viazi, nyembamba, zimepakwa unga wa pilipili mwekundu unaobaki kwenye ncha za vidole na haukubali kutoka kwa kufuta tu. Ukizila kavu utaona ni krispi za kawaida: chumvi, uchachu kidogo, kisha pilipili inayochelewa kufika. Nzuri, lakini si za kumfanya mtu azisifie. Na bado Waoman wanazisifia, majirani zao wa Emirates wanazinunua kwa shauku ile ile, na mwanafunzi aliye ng'ambo akitumiwa furushi kutoka nyumbani hutazama kwanza kama zimo.

Nilikuwa nimeshika pakiti mbili, nazigeuzageuza kutafuta zimetengenezwa kwa nini, nikimwambia mwenzangu kwa Kiswahili kwamba bei si mbaya. Nyuma yetu ikatoka sauti.

"Hizo haziliwi kavu, mwanangu."

Alikuwa bibi wa makamo ya kuheshimika, mkono mmoja kwenye toroli, mwingine kwenye simu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nyie watoto wa wapi?"

"Mimi wa Tanga, bibi. Mwenzangu wa Mombasa."

"Basi majirani. Mie mzaliwa wa Mkunazini, Unguja." Akazichukua zile pakiti mkononi mwangu kama mtu anayekagua nyanya. "Chukua na chapati zile za friji, na chizi ya chupa. Uzivunje humo ndani. Na pilipili ya maji, kama mnaweza."

Kukutana na Kiswahili katikati ya rafu za Muscat si ajabu. Sultan Said bin Sultan wa Oman alihamishia makao yake Zanzibar katika karne ya 19, na kwa zaidi ya miaka 100 watu, bidhaa na mapishi yalikwenda na kurudi kwa majahazi ya kaskazi na kusi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi walitawanyika, na Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970 aliwaita Waoman waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Walirudi na lugha yao. Leo unaweza kusikia wazee wakisalimiana "hujambo" kwenye foleni ya keshia, na kijana anayewajibu kwa Kiarabu lakini amewaelewa kila neno.

Tulifuata maagizo ya bibi, ila kwa mkato. Tulikwenda kwenye kofishopu, vile vibanda vya chai vinavyouza mpaka usiku wa manane katika kila mtaa, vingi vikiendeshwa na watu wa Kerala, kusini mwa India. Wateja hata hawashuki. Wanaegesha gari mbele ya duka, wanapiga honi fupi, na kijana anatoka mbio kuchukua oda. Sisi tulishuka, tukasimama kaunta ili tuone.

Fundi alianza na chapati ile ya Kihindi ya matabaka, parota, inayokandwa kwa mafuta, ikavutwa, ikazungushwa kama kamba na kusukumwa upya hadi ikichomwa inachambuka nyuzi nyuzi. Akaitupa kwenye bamba la moto, akaigeuza, akaipiga makofi mawili kingoni ili ilegee. Akachota chizi laini kwa kisu na kuipaka yote mpaka pembeni. Kisha akachukua pakiti ya Chips Oman ikiwa bado imefungwa, akaiminya kwa ngumi mara tatu nne, kwa nguvu, huku anazungumza na mtu mwingine. Ndipo akaichana mdomo na kuimimina mistari miwili juu ya chizi. Pilipili ya chupa, tone tone. Akaikunja, akaizungushia karatasi, akatupatia pamoja na vikombe viwili vya chai ya karaki, ya maziwa na iliki, iliyochemshwa mpaka imekuwa na rangi ya matofali.

Hapo ndipo zile krispi zinapojieleza. Chizi inameza ukali wa pilipili, chapati inaleta mafuta na ulaini, na krispi zinabaki zikivunjika menoni. Kile kiasi cha pilipili ambacho kavu kilikuwa kimezidi, humu ndani kimekuwa sawasawa. Aliyezitunga, nadhani, alikuwa anaijua chapati kabla ya kukijua kiazi. Ila kula haraka. Ukikaa na kupiga picha, mvuke unazilainisha krispi na mkate wako unakuwa mkate tu.

Waoman wana njia nyingine ya kuzila, kwa mkate wao mwembamba wa rakhali. Kina mama hukaa jioni kwenye vibanda vya sokoni mbele ya bamba la chuma lililopata moto, wanachukua donge la unga mkononi na kulipaka juu ya bamba mpaka linaacha utando mwembamba kama karatasi. Linavunjwa yai juu yake, inapakwa chizi, zinanyunyizwa krispi, na kwa anayependa, asali. Asali na krispi za pilipili, ndiyo. Usikunje uso kabla hujajaribu.

Mtu wa pwani yetu hana haki ya kushangaa hata hivyo. Urojo wa Zanzibar tunaukuza kwa nini, kama si zile chipsi za muhogo zinazovunjwavunjwa juu ya bakuli dakika ya mwisho, baada ya bajia, kiazi, kachori, mishikaki, yai na chatini ya nazi? Mchuzi wa embe na ukwaju bila ile chipsi ni supu. Mgeni anayepewa chipsi za muhogo peke yake kwenye mfuko hawezi kukisia mambo yote hayo.

Kwenye rafu za vinywaji hadithi ni nyingine, na inaanzia mbali sana na jangwa. Miezi ya kuelekea Ramadhani, supamaketi za Ghuba hujengewa minara ya chupa za Vimto: sharubati nzito ya zambarau, ya zabibu na matunda ya msituni na viungo, inayochanganywa na maji baridi na barafu. Kwa kijana wa Muscat au Riyadh, harufu yake ni harufu ya adhana ya magharibi. Usipoikuta mezani wakati wa kufuturu, kuna mtu ataulizwa kulikoni. Sasa, kinywaji chenyewe kilibuniwa mwaka 1908 mjini Manchester, Uingereza, na mfanyabiashara John Noel Nichols, akikiuza kama kinywaji cha kuongeza nguvu mwilini. Ilikuwa enzi ambayo Uingereza ilikuwa na vuguvugu kubwa la kupinga ulevi, na watu walitaka kitu cha kuagiza badala ya bia. Mwaka 1928 familia ya kibiashara ya Aujan ikaanza kukiingiza Ghuba. Kinywaji kisicho na pombe, kitamu, chenye kuhimili joto bila friji, kilikuta watu wanaokihitaji kuliko hata Waingereza wenyewe. Manchester wamekijengea sanamu, chupa kubwa ya mbao ya mwaka 1992 katikati ya matunda makubwa, lakini Mwingereza wa leo hukiona ni soda ya watoto. Heshima yote iko Ghuba.

Hapa pia kanuni ya bibi wa Mkunazini inafanya kazi. Ukiionja Vimto saa sita mchana, umeshiba, hotelini, utasema ni sukari na rangi. Ionje baada ya tende tatu na siku nzima bila maji, na nyuzi 40 nje. Hapo utaelewa kwa nini mtu anabeba katoni. Msafiri wa wakati wa Ramadhani azingatie tu kwamba Oman ni marufuku kula na kunywa hadharani mchana, Mwislamu au asiye Mwislamu. Unanunua, unaweka mfukoni, unasubiri adhana na wenzako, na sidhani kama kuna wakati bora zaidi wa kuonja chochote.

Serikali nayo imeingia kwenye rafu hizi. Juni 2019 Oman ilianza kutoza kodi maalumu ya asilimia 50 kwa soda na asilimia 100 kwa vinywaji vya kuongeza nguvu, na Oktoba 2020 ikaongeza asilimia 50 kwa vinywaji vilivyotiwa sukari kwa jumla. Sababu iliyotolewa ni afya, na mtu yeyote aliyeona kisukari kinavyoziandama familia za Ghuba, na za kwetu pia, hatabisha. Pembeni ya soda sasa kuna majokofu marefu ya labani, yaani maziwa ya mtindi ya kunywa, yenye chumvi. Labani ndiyo mwenzi wa wali na nyama, na kwa aliyekula Chips Oman bila kusikiliza ushauri, ndiyo huduma ya kwanza.

Tembea rafu zinazofuata na utaanza kusoma nani anaishi mjini. Chevda ile ile inayouzwa Mombasa na Dar imejaza ukuta mzima, na biskuti za Parle-G kwa vifurushi vya kuwatosha wafanyakazi wa kambi nzima. Chizi ya chupa aliyotuagiza bibi, Puck, inatoka kwa kampuni ya Kidenmaki, na hakuna Mwoman anayeiona ya kigeni. Kampuni ya LuLu, ambayo maduka yake yameenea nchi nzima, ilijengwa na M. A. Yusuff Ali, mtu wa Kerala aliyefanya maskani yake Abu Dhabi. Kwa hiyo lile bunda la parota na krispi na chizi, linalohesabiwa leo kuwa chakula cha utoto wa Kiomani, lina mkono wa Mhindi, maziwa ya Denmark na pilipili ya mwenyeji. Hakuna kamati iliyokaa kulipanga. Ni watu waliokuwa na njaa usiku, na duka lililo wazi.

Halua ni suala jingine, na hapa nitamtoa msafiri supamaketi kwa muda. Utaikuta humo, kwenye vibakuli vya plastiki vilivyofunikwa vizuri, na si mbaya. Lakini halua ya Oman ni kitu cha kununuliwa kwa anayeipika, na maduka yao yako kila mji. Wanga, sukari, samli, maji, zafarani, iliki na maji ya waridi vinakorogwa kwenye sufuria kubwa ya shaba kwa saa mbili au zaidi, bila kuachia mwiko, mpaka samli ianze kujitenga na kung'aa kingoni. Ukiingia dukani utakaribishwa kuonja, na kuonja huko kunakuja na kikombe kidogo cha kahawa chungu isiyo na sukari. Usiikatae kahawa. Halua bila kahawa inakinai kijiko cha pili. Pamoja nayo unajikuta unachota cha tano.

Watu wa Unguja na Pemba watauliza mara moja ipi bora, ya Oman au ya kwetu. Ya Oman imezidi manukato: waridi na zafarani vinatangulia mbele ya utamu. Ya Wete niliyoizoea ni nzito zaidi mdomoni, inavutika, na iliki ndiyo bwana wa nyumba. Mimi nitaichagua ya Wete, na najua kuna watu Muscat ambao hawatanisamehe. Ila maji ya waridi yao sina la kusema. Yanatoka Jabal Akhdar, kwenye mashamba ya ngazi yaliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ambako maua huchumwa alfajiri katika msimu mfupi wa kati ya mwishoni mwa Machi na Mei. Yale yanayokenekwa kwa mtindo wa zamani, juu ya tanuri za udongo, yana harufu ya moshi kwa mbali. Chupa ndogo ya hayo nyumbani inabadilisha wali wa maziwa, inabadilisha hata chai.

Tende sitazieleza sana. Mwislamu wa Afrika Mashariki ameshakula tende za kila aina kila Ramadhani. Niseme tu kwamba huko zinauzwa kwa jina la mtende wake, khalasi, faradhi, khunaizi, kama sisi tunavyotaja maembe, na mwenyeji anayenunua "tende" bila kutaja jina hujulikana kuwa amekuja juzi. Zile zilizojazwa ufuta uliosagwa zinafaa kuliko chokoleti yoyote iliyo jirani nazo.

Tena kuhusu chokoleti: msafiri wa siku hizi akifika Ghuba anaulizia ile ya Dubai, yenye tambi za kunafa na siagi ya pistachio ndani. Ilianzishwa na Sarah Hamouda wa kampuni ya FIX mwaka 2021, ikaripuka mitandaoni mwishoni mwa 2023, na sasa kila mtengenezaji duniani ana toleo lake. Nimeonja matoleo ya supamaketi. Ni tamu. Utaikuta Dar, utaikuta Nairobi, utaikuta uwanja wa ndege wowote. Acha nafasi ya begi kwa kitu kingine.

Kwa mfano ubani. Wa Dhofar, kusini mwa Oman, unasifika tangu zama za misafara ya ngamia, na sisi tunaujua kwenye chetezo. Wenyeji wanautafuna pia, na wanaloweka punje safi usiku katika maji na kuyanywa asubuhi. Mfuko wake unaukuta rafu moja na viungo. Ukitafuna, dakika ya kwanza unavunjika kama chaki na ni mchungu. Vumilia, utashikana, utalainika, na kinywa kitakuwa na harufu ya msikiti siku ya Ijumaa. Chagua wenye rangi ya kuelekea kijani au nyeupe, usiwe na takataka ya magome.

Kwa wanaosafiri kwenda Ulaya badala ya Ghuba, kanuni ni ile ile lakini macho yawe makali zaidi. Msomaji Mwislamu asome orodha ya viungo kabla ya kumnunulia mtoto peremende za kutafuna, maana nyingi zinashikamanishwa kwa gelatini ya nguruwe. Kampuni ya Haribo, iliyoanzishwa Bonn mwaka 1920, ina kiwanda Uturuki kinachotumia gelatini ya ng'ombe, kwa hiyo jina moja la pakiti halitoshi; tazama imetengenezwa wapi na kama ina alama ya halali. Namba E120 ni rangi nyekundu inayotokana na wadudu. Na kama pakiti haisomeki, simama kidogo karibu na rafu na tazama mama mwenye watoto wa rika la wako anaweka nini kwenye toroli. Ukiweza kumsalimia kwa lugha yake, zaidi ya hapo hutahitaji kitabu.

Siku ya kuondoka, halua ndiyo abiria mwema kuliko wote: inakaa miezi bila friji. Krispi zitavunjika, na hazina neno. Vimto na maji ya waridi vifungwe ndani ya nguo kwenye begi la chini, kwani mkaguzi hataruhusu chupa ya zaidi ya mililita 100 begi la mkononi, hata umwambie ni ya kufuturia. Papa mkavu, ambaye utamkuta kwenye kaunta ya samaki na moyo utakutuma umbebe kwa ajili ya mchuzi wa nazi, tengeneza naye hesabu vizuri. Hata umfunge mifuko mitano, ndege ikishapaa watu wa safu tatu za mbele wataanza kutazamana.